Noeli ya Kuzungusha Sahani

Jumapili, 14 Desemba 2025

Mvua tangu asubuhi. Matope yameingia kanisani mpaka karibu na mimbari. Mutoto wetu Benedicte alilala mugongoni kwangu muda wote wa mahubiri, akaamka wakati wa sadaka, akalia mpaka bamama ba korali bakageuka wote pamoja, kama bameambiwa na mutu mumoja. Wiki haijaanza na mi nimechoka tayari.

Tukiwa tunakula, simu ya Guelord ikalia. Guelord ni bwana yangu. Aliyepiga ni kaka yake mukubwa, Christian, anayekaa Lilongwe, Area 36, na bibi yake Antoinette. Banakuja huku kwetu, kambi ya Dzaleka, kwa Noeli, na kado, zawadi ya Mama. Vizuri. Kisha akaongeza polepole: Bonane, mwaka mupya, ikiisha, banamuchukua Mama akaishi nao kule. Kuko umeme, kuko maji ndani ya nyumba, kuko mulango wa chuma. Antoinette amepanga yote. Najua ni yeye. Christian hapangi hata viatu vyake.

Mama ni mama mukwe wangu, Mama Mathilde. Anakaa kule nyuma ya pompi ya maji, si mbali, ukipiga kelele anasikia. Lakini hajaweka muguu kwetu tangu mwezi wa kumi, juu ya vile nilisema mbele ya bamama ba kanisa kwamba sombe yake, yale majani ya muhogo, ina chumvi nyingi. Ilikuwa na chumvi! Baliniuliza, nikajibu.

Benedicte hajui mambo ya chumvi. Kila jioni anasimama mulangoni, ananyoosha kidole kule pompini, anasema Koko, Koko, maana yake mama ya baba yake. Hakuna mutu mwengine anayeweza kumulaza bila vita. Mama akienda Area 36, mutoto atamusahau. Batoto banasahau upesi. Kwetu Bukavu niliacha koko yangu mwenyewe, leo sikumbuki sura yake, nakumbuka tu harufu ya kikwembe, kitenge alichovaa. Mi sitaki Benedicte abaki na harufu.

Basi: kado. Kado ya kushinda ile ya Antoinette, Mama aione, moyo ulainike, abaki. Iwe rahisi, lakini ionyeshe kwamba nimemufikiria. Nitaitoa wapi, sijue. Mungu yuko.

Jumanne, 16 Desemba

Lilongwe na Guelord. Yeye ametafuta vioo vya simu, juu kazi yake ni kutengeneza simu za bantu. Mi nimeingia kaunjika, njo vile Bamalawi banaita nguo za mitumba. Nilikuwa na akili moja nzuri sana: sweta mbili zinazofanana, kubwa ya Mama, ndogo ya Benedicte. Koko na mujukuu, rangi moja! Nani hatalia?

Nimechimba lile rundo mpaka mugongo ukakataa kunyooka. Nikazipata. Nyekundu, nyota nyeupe kifuani, moja kubwa, moja ndogo. Muuzaji akasema zikomo, aksanti yabo, nami nikasema zikomo, kila mutu akifikiri ameshinda.

Nikapita kwa Antoinette kumusalimia, maana yake kuangalia. Anauza bikwembe mbele ya nyumba. Kucha ndefu. Amenipa Fanta, amenipa kiti, ameniuliza kama bado tunatumia mukaa. Na pale kwa kona: kado! Karatasi ya dhahabu, utepe mukubwa kuliko kichwa cha Benedicte. Nikamuuliza ni nini ndani. Akacheka, akasema Mama atajua. Alipotoka kuuzia mutu kikwembe, nikaiinua kidogo. Nyepesi! Kitu kikubwa vile na nyepesi. Mito? Upepo? Antoinette akarudi akanikuta nimeikumbatia. Nikamwambia nilikuwa napangusa vumbi. Mvua inanyesha wiki nzima, vumbi itoke wapi. Amenitoa ile kado mikononi. Ameipangusa yeye mwenyewe.

Nyumbani nikamuvalisha Benedicte sweta yake. Mikono miwili ikaingia, mingine miwili ikabaki inaning'inia tumboni. Sweta ina mikono mine. Guelord ameigeuza mbele, nyuma, ndani, nje, kama simu iliyoanguka kwa maji. Tukamuita jirani yetu Liliane, Murundi, juu zamani alifua nguo za bazungu Bujumbura. Ameiangalia mara moja tu. Akasema ni ya mbwa. Kule kwa bazungu mbwa inavaa.

Guelord ilibidi atoke nje acheke vizuri. Aliporudi akaniuliza kama kweli nataka kumupa mama yake sweta inayofanana na ya mbwa. Zote mbili ziko chini ya kitanda. Na joto hii, nani anavaa sweta. Sikufikiria joto.

Alhamisi, 18 Desemba

Mungu amesema nami kwa redio!

Nilikuwa nasuka dada mumoja hapa barazani. Kwenye redio ya kambi mama mumoja akaanza kueleza namna ya kuchagua kado ya sikukuu. Anasema kado nzuri si ile ya bei. Anasema tumia mikono yako, fikiria yule mutu anakosa nini. Nikaacha kusuka. Yule dada akauliza kama nimekufa. Hapana, nilikuwa nafikiri.

Nimefikiria sahani.

Kwetu, jirani akikuletea chakula kwa sahani, ile sahani hairudi mikono mitupu. Unaweka hata nyanya, hata viazi vitatu, hata chumvi kwa karatasi. Barundi vilevile, wao ni wakali zaidi. Sasa! Mi natengeneza mandazi, unga tu na mafuta kidogo. Napeleka sahani kwa bantu benye kuwa na vitu vizuri. Mama Carelle wa njia yetu ana kuku: yatarudi mayai. Liliane ana shamba: yatarudi maharagi. Napanga yote kwa kitunga kimoja kikubwa, nampelekea Mama. Mayai, maharagi, viazi, nyanya nyekundu juu. Kado ya mikono yangu, kama redio ilivyosema. Namna gani hakuna mutu aliyefikiria hii mbele yangu?

Guelord amesema hiyo si kado, ni mutego wa panya. Nimemwambia afikirie simu zake.

Ijumaa, 19 Desemba

Mukaa umelowana. Moshi. Macho. Benedicte ameweka kidole ndani ya kila andazi aliloweza kufikia, na yale mengine amelamba. Nimekaanga tangu asubuhi na sijala hata moja.

Mama Carelle nimemupelekea yale ya duara, na kitambaa cha maua juu, ajue mayai yanangojewa. Liliane nimemupelekea yale yanayofanana na vidole vya muguu.

Saa za mchana Liliane amekuja. Na kitunga! Kitunga kizima, maharagi chini, viazi vitamu juu, na sahani yangu imekaa juu kabisa kama kofia. Nilitaka kuruka. Anaondoka, amefika kwa mulango, amegeuka, akasema kile kitunga ni cha marehemu mama yake, ataningojea.

Ataningojea! Maana yake kitunga pia hakirudi kitupu. Sahani unaijaza na andazi. Kitunga unakijaza na nini? Nimezunguka ndani ya nyumba. Nimepika nusu ya viazi vyake mwenyewe, nimeviweka ndani ya kitunga chake, nimemurudishia jioni. Amefunua, ameangalia viazi, ameniangalia mi. Liliane haongei ovyo. Anaangalia tu, na hiyo inatosha.

Kwa Mama Carelle kimya.

Jumapili, 21 Desemba

Asubuhi, mbele ya kwenda kanisani, Liliane ameleta sahani nyingine, kujibu vile viazi. Juu yake mandazi, na kitambaa cha maua. Kitambaa changu. Andazi la kwanza lina shimo. Nimeingiza kidole cha Benedicte ndani ya shimo: kimeenea sawasawa. Mandazi yangu! Mama Carelle alimupelekea Liliane, Liliane ameniletea mi. Yamezunguka njia yote, yamekauka, yamerudi kwa mama yao.

Tumekula. Yalikuwa magumu.

Na sasa njia yetu yote imeingia. Bantu bameona sahani zinapita, bakafikiri kuna sheria mpya ya kanisa. Nimepokea sahani ya lengalenga, mchicha wa kwetu, kutoka kwa mama ambaye sijawahi kumusalimia. Bakuli la uji kutoka kwa mufundi wa viatu. Kila chombo kinaningojea mezani, kinaniangalia kama Liliane. Najaza, napeleka, narudi, nakuta kingine. Miguu imevimba. Kwa kitunga cha Mama hakuna kitu bado, juu kila kinachoingia kinatoka. Guelord ameniuliza panya bangapi bameshikwa. Sina nguvu ya kumujibu.

Benedicte amesema Koko mara nyingi leo. Kanisani Mama alikaa upande mwengine. Aliangalia mutoto, akaangalia kitabu cha nyimbo. Alikishika juu chini.

Jumatatu, 22 Desemba

Jogoo!

Mama Carelle amekuja mwenyewe, amevaa kikwembe cha kanisa, ameshika sahani yangu kwa mikono miwili. Juu ya sahani amekaa jogoo mwekundu, miguu imefungwa, kifua mbele, kama chifu anayengoja bantu bapige magoti. Amesema nimsamehe kwa kuchelewa, kuku bamekuwa bengi kwake, chakula chao hana, na mandazi yangu yalimugusa sana. Yalimugusa mpaka akamupa Liliane! Lakini sikusema. Nilikuwa naangalia mukia.

Guelord ameuliza mutu gani anabadilisha jogoo na mandazi. Nimemwambia ni roho nzuri. Ameanza kumuangalia jogoo na macho ya supu, basi nimeharakisha. Nimemuosha miguu. Nimekata mukono mumoja wa ile sweta ndogo, ina mingi, nikatengeneza utepe mwekundu, nikamufunga shingoni. Akapendeza kushinda Guelord siku ya ndoa.

Mama alikuwa kwa mulango wake anachambua muchele. Nilimuwekea sahani mbele. Alimuangalia jogoo. Jogoo alimuangalia. Muda murefu, kama bantu banaojuana. Kisha akaniuliza, sauti chini, kama ni weye umemuleta. Nikasema ndiyo Mama, na roho yangu yote, kwa Noeli. Amemuchukua, amemubana kifuani, ameingia ndani, amefunga mulango.

Hakusema aksanti. Hakumugusa Benedicte. Mutoto amelia Koko tangu pale mpaka kwetu, na bantu bote ba njia banatuangalia. Lakini amechukua! Kado imeingia. Antoinette na upepo wake bangojee.

Jumanne, 23 Desemba

Nimekwisha.

Kwenye pompi Mama Carelle ameniuliza kama yule jogoo tumemula. Nikamwambia kwa kiburi kwamba nimempelekea mama mukwe. Akaacha ndoo yake ikajaa, ikamwagika. Akanieleza. Mama Mathilde anagawa vitu vyake kwa sababu ya safari ya Lilongwe. Jumapili, kanisa likiisha, amegawa kuku zake zote kwa bamama. Mama Carelle alipata jogoo.

Nimempelekea mama mukwe jogoo wake mwenyewe. Na utepe.

Nimekaa juu ya ndoo. Mama Carelle alianza kucheka, akaniangalia, akaacha, akanibebea maji mpaka nyumbani. Ni mama muzuri.

Akili mpya: kumuchukua tena jogoo haraka, mbele Mama hajaelewa. Lakini ameelewa! Aliangaliana naye! Basi kumuchukua mbele hajamwambia Antoinette. Nimemutuma Guelord aende amwazime jogoo, aseme ni kwa ajili ya kuku wetu. Guelord ameniuliza kuku gani. Nimemwambia asiingie ndani sana. Amekataa, ameenda, amerudi jioni bila jogoo, ameshiba, mafuta ya ndagala, wale samaki badogo, kwa ndevu.

Nimemuuliza Mama amesema nini. Anasema ameuliza habari yangu. Ameuliza namna gani, kwa hasira? Anasema ameuliza na mudomo.

Banaume.

Jumatano, 24 Desemba

Christian na Antoinette bamefika leo, siku moja mbele, juu ya kuogopa minibasi za sikukuu. Tumekusanyika kwa Mama. Nyumba imekuwa tupu. Kitanda, sufuria, picha ya marehemu bwana yake ukutani, basi. Nilikuwa sijui kwamba ameshagawa vingi hivyo. Moyo umenishuka.

Karatasi ya dhahabu imefunguliwa. Ndani: valizi. Valizi nyekundu ya kubebea nguo za safari, yenye magurudumu. Antoinette ameivuta huku na kule ndani ya chumba kuonyesha namna inavyotembea, mpaka gurudumu moja likaingia ndani ya shimo la sakafu, Christian akalitoa. Bantu bamepiga makofi. Na mi nimepiga. Nimeelewa sasa kwa nini ilikuwa nyepesi. Hakumupa Mama kado, amemupa njia. Lazima niseme ukweli: amefikiria vizuri.

Mama amepitisha mukono juu ya ile valizi, amesema aksanti binti yangu. Binti yangu! Mi aliniita vile mara ya mwisho mbele mambo ya ile sombe hayajatokea.

Kisha jogoo akaingia. Ametembea katikati ya bantu bote, utepe shingoni, amepanda juu ya valizi. Antoinette amemfukuza na kiatu, ameuliza huyu ni wa nani. Mi nilitaka ardhi ifunguke. Mama amejibu ni wa hapa. Maneno hayo tu. Hakuniangalia.

Nimerudi nyumbani na Benedicte. Nimekata vitunguu vya kesho, nimelia hapohapo juu yake, isiwe kazi mbili.

Alhamisi, 25 Desemba, Noeli

Amekuja.

Hatukuwa tumemaliza kuvaa. Nilikuwa napaka Benedicte mafuta, akanyamaza, akaangalia mulango, akanitoka mikononi akiwa anateleza kama samaki. Mutoto anayeanguka kila hatua! Amekimbia kiwanja chote bila kuanguka, uchi, mpaka kwa magoti ya koko yake. Mama alikuwa na sufuria ya ndagala kichwani na sahani yangu juu yake kama kifuniko. Ameshusha sufuria, amekaa palepale kwa kizingiti, amemuchukua mutoto. Bamekaa vile. Mi nilishika chupa ya mafuta, sijue niiweke wapi.

Guelord ametoka na soksi moja. Mama amemwambia atulie. Kisha akasema nami.

"Darlène. Niligawa kuku zangu zote. Bantu banasema aksanti Mama, banachukua, banaenda. Hakuna hata mumoja aliyeniuliza kama ninataka kuenda."

Nilifunika chupa ya mafuta.

"Antoinette ana roho nzuri, sikatae. Lakini amenipa valizi. Weye umenirudishia jogoo yangu, na utepe kwa shingo. Mutu anahama, anagawa bintu byake, we unamurudishia: unamwambia bakia. Nimesikia, binti yangu. Usiku wote yule jogoo ananiangalia. Nitabakia."

Ningeweza kumwambia. Ningesema Mama, sikujua, nilifikiri ni jogoo wa Mama Carelle, nilikuwa nazungusha sahani. Guelord alikuwa ananiangalia na soksi yake. Nilifungua mudomo.

"Njo vile nilifikiria, Mama," nikasema.

Benedicte amelala hapohapo juu ya mapaja yake, asubuhi, bila vita, mukono ndani ya blauzi ya koko. Mama alianza kuimba kidogo, ule wimbo wake usio na maneno, na mi nikageuka nikaangalia ndagala muda murefu, juu ndagala haziulizi mutu kwa nini analia.

Antoinette na Christian bamekuja kula. Mama amebaambia yeye mwenyewe, kwa upole, akiwa na mutoto mukononi. Atakuja Area 36 kubasalimia Pasaka, basi. Antoinette ameuliza: na valizi? Mama amesema ni valizi nzuri sana, inafunga vizuri, ataweka unga ndani, panya hawajui kufungua zipu. Antoinette amekunywa maji. Amekunywa kikombe chote, hakukiweka chini.

Tumekula wote. Liliane ameleta maharagi. Ameyaleta na kikombe, kidogo tu. Nafikiri ananihurumia.

Jumamosi, 27 Desemba

Mwili wote unauma kama nimelima mashamba yote ya Mitundu. Mama amekuja jana, amekuja leo, Benedicte amelala mara zote mbili. Bamama banamurudishia kuku polepole, kila mumoja anaona haya. Kiwanja chake kimejaa tena.

Guelord anasema siku moja nimwambie Mama ukweli. Ukweli gani? Nilipanga mandazi, nilipanga sahani, nilipanga Mama Carelle, Mama amebaki. Nilichora mupango, ikafuata. Kuna mutu anaweza kuwa na bahati mara nyingi hivyo bila akili? Anasema jogoo njo alikuwa na akili. Hana heshima kwa kazi ya mutu.

Ameniomba kitu kimoja tu: nirudishe vyombo vya bantu vyote, nimalize, nipumzike. Nimesema ndiyo. Kweli nimechoka. Nimerudisha bakuli la mufundi wa viatu, nimerudisha ya lengalenga. Nimebakiza sahani moja.

Ni kwamba jana, akipanda minibasi, Antoinette alinilalamikia kidogo. Alinunua mashine ya kushona ya pili, musichana wa kuishonea amemuacha, mashine imekaa tu pale ndani inashika vumbi. Imekaa tu! Na mi hapa nasuka nywele za bantu mpaka vidole vinakufa ganzi.

Nimemuuliza dereva wa minibasi ya asubuhi. Anakubali kubeba sahani mpaka Lilongwe. Unga upo, mafuta nimeazima kwa Mama Carelle. Ya duara tu safari hii, Benedicte nitamupeleka kwa koko yake mbele sijaanza. Antoinette ni mutoto wa Bukavu kama mi, hata akae nyuma ya mulango wa chuma, sahani ya mutu hawezi kuirudisha tupu.

Guelord anasema mashine haienei juu ya sahani. Hiyo ni shida ya Antoinette.